Somo la Mwezi: Je, Yafaa Mwanafunzi Kumsahihisha Mwalimu Wake?



Mwezi huu nataka tujifunze neno moja ambalo vijana wameniuliza mara nyingi, hasa wale waliokwenda kujifunza kazi za mikono. Huuliza hivi: Mwanafunzi akijua ya kuwa mwalimu amekosea mbele ya darasa, anyamaze au aseme? Wako wasemao ya kuwa kunyamaza ndiyo heshima. Wako wasemao ya kuwa kweli haimwogopi mtu. Mimi mwenyewe nalikosa kwa njia zote mbili, katika darasa moja, ndani ya siku mbili. Kwa hiyo nitaanza na habari yangu, msije mkadhani ya kuwa nawafundisha jambo ambalo sikulilipia.

1. Habari ya darasa la kupiga picha

Mwaka wa 2003, yaani mwaka uliofuata ule ambao Mkoa wa Manyara ulitengwa na Arusha, nalikuwa kijana wa miaka 23, sijaingia chuo cha theolojia bado. Katika mji mmoja chini ya Mlima Hanang palifunguliwa darasa la majuma mawili kwa watu wasiojua kupiga picha. Twalikuwa wanafunzi 12. Wengi wetu walikuwa Wairaqw wa upande wa Mbulu, na Wadatoga wawili, na mama mmoja wa makamo aliyeuza nguo mnadani.

Kamera tulizopewa zilikuwa za filamu, tena nzee, ambazo kila kitu hupangwa kwa mkono. Vipimo vyake vya mwanga vilikuwa vimekufa zamani. Filamu moja ilitoa picha 36, na ikiisha ilipelekwa Arusha kwa basi ikasafishwe; nayo lami ilikuwa haijafika Katesh wakati ule. Basi mtu alipiga picha leo, akajua juma lililofuata kama amepata au amekosa. Likumbukeni jambo hili, maana ndilo lililoleta hasara.

Mimi nalikuwa na mjomba aliyepiga picha za paspoti sokoni, nami nalimsaidia tangu utoto. Kwa hiyo nalijua mambo machache kuliko wenzangu, na hayo machache yalinivimbisha kichwa.

Siku ya kwanza mwalimu alitueleza asili ya kazi hii. Alisema ya kuwa picha ya kwanza ilipigwa na Mfaransa Daguerre mwaka wa 1839. Mara nikasimama, wala sikungoja kupewa ruhusa, nikasema, “Sivyo, Mwalimu. Aliyetangulia ni Niépce, karibu mwaka wa 1826 au 1827, na picha aliyoipiga dirishani kwake ingalipo.” Neno langu lilikuwa kweli. Walakini mwaka wa 1839 ndio njia ya Daguerre ilipotangazwa Paris kwa watu wote, hata mwalimu hakuwa mbali sana na ukweli. Tena hapakuwa na mtu darasani ambaye picha yake ingeharibika kwa kutojua jina la Niépce. Wenzangu wakacheka. Mwalimu hakujibu, aligeuka akafuta ubao. Wakati wa chai yule mama muuza nguo akaniambia, “Mwanangu, umepata faida gani?” Sikuwa na jibu.

Siku ya pili mwalimu alitufundisha habari za tundu la lenzi, ambalo ndilo mlango wa mwanga. Akaandika ubaoni namba zinazoonekana juu ya lenzi: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Kisha akasema, “Namba kubwa ni tundu kubwa. Kwenye kivuli, ambako mwanga ni haba, wekeni 16. Kwenye jua kali wekeni 4.”

Hapo alikosa kweli, maana mambo ni kinyume chake. Namba hizi ni namba za kugawanya. Mkate mmoja ukigawiwa watu 4, kila mtu hupata kipande kikubwa. Ukigawiwa watu 16, kila mtu hupata kidogo. Ndivyo ilivyo kwa lenzi. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa kwenye 4, tundu lake lina upana wa milimita 12 na nusu; ikiwekwa kwenye 16, upana wake ni milimita 3 tu na kidogo. Na kwa kuwa mwanga hupita katika eneo lote la tundu, 16 huingiza sehemu moja tu kati ya sehemu 16 za mwanga unaoingia kwa 4. Mtu akipiga picha kivulini kwa 16, bila kuongeza muda wa mwanga, filamu yake hubaki karibu tupu.

Nadhani mwalimu wetu hakuwa mjinga. Alikuwa amezoea kamera zinazojipanga zenyewe, na neno “kubwa” lilimdanganya, kama linavyowadanganya wengi wanaoanza.

Nami nalijua. Nikanyamaza. Moyoni nalijiambia ya kuwa nanyamaza kwa heshima, maana jana nimemwaibisha mtu mzima. Lakini chini ya maneno hayo palikuwa na jambo jingine ambalo naona aibu kuliandika: nalitaka akose, naye aonekane amekosa. Katika kundi letu la watu watatu mimi ndimi niliyeshika lenzi, nikaweka namba zilizo sawa bila kusema neno.

Siku ya tatu tulitumwa vijijini kujaribu. Kijana mmoja wa kundi la pili aliwapeleka wenzake kwao, upande wa Ziwa Bassotu, kumpiga picha bibi yake. Bibi huyo alikuwa mzee sana, wala hakuwa amepigwa picha hata siku moja. Kwa kuwa hakuweza kukaa juani, walimketisha kivulini mbele ya nyumba. Akavaa vizuri, akatulia. Wakampiga picha 10, zote kwa 16, kama walivyofundishwa.

Filamu ziliporudi, ya kundi letu ilikuwa njema. Za makundi mengine zilikuwa hivi: za juani zilikuwa zimepauka, na za kivulini zilikuwa giza tupu. Katika picha za bibi yule uliona weupe kidogo wa ukuta, wala uso haukuonekana. Mwalimu akasema ya kuwa labda wasafishaji wa Arusha wameziharibu.

Ndipo yule mama muuza nguo alipoinua mkono. Akasema, “Mwalimu, uniwie radhi, mimi ni mzito wa kufahamu. Hizi zote zilisafishwa mahali pamoja, na moja imetoka njema. Naomba utufungulie kamera nyuma, ikiwa haina filamu, tuchungulie lile tundu kwa 4, kisha kwa 16, ili nilione kwa macho yangu.” Mwalimu akafungua. Akatazama yeye kwanza. Akakaa kimya kitambo, kisha akasema mbele yetu sote, “Jamani, nimewafundisha kinyume.” Akafuta ubao, akaandika upya.

Baada ya darasa aliniita nje. Hakunigombeza. Aliniambia, “Filamu yenu ilirudi njema. Basi wewe ulijua. Ungaliniambia wakati wa chai, ningalikushukuru.” Nami nikatazama chini.

Kabla yule kijana hajapata kamera nyingine, bibi yake alifariki. Hata leo nyumba ile haina picha yake.

Mtu akisema, “Ni picha tu,” na akumbuke tarehe 3 Desemba mwaka wa 2023, siku ambayo tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang juu ya Katesh na vijiji vya karibu, watu zaidi ya 80 wakafa. Kuta zilizoanguka zilianguka pamoja na picha zilizotundikwa juu yake. Aliyefiwa na mama yake, naye hana picha ya uso wake, anajua kama picha ni kitu au si kitu.

2. Makosa ya mwalimu si ya namna moja

Nilipotafakari habari ile, naliona ya kuwa nalisema pale paliponipasa kunyamaza, nikanyamaza pale paliponipasa kusema. Nalikuwa nikijiuliza, “Je, najua kuliko yeye?” Ningalijiuliza, “Je, wenzangu watatoka na nini mlangoni?” Tukiuliza hivi, tutaona namna nne za makosa.

Kwanza, kuteleza kwa ulimi, au kosa dogo lisilobadili kazi. Mwalimu akitaja mwaka usio wake, au akilitamka vibaya jina la Mzungu, kazi ya wanafunzi haiharibiki. Kosa kama hili liache lipite. Ukipenda, mkumbushe baadaye mkiwa wawili.

Pili, neno linaloonekana kuwa kosa, kumbe ni maziwa ya watoto. Mwalimu huwaambia wanaoanza, “Simameni, jua liwe nyuma yenu.” Mpiga picha hodari anajua ya kuwa jua likiwa nyuma ya mtu anayepigwa picha, nayo picha yaweza kuwa nzuri sana. Lakini mwanafunzi wa siku ya tatu akijaribu hivyo, hasa kwenye magadi meupe ya Ziwa Balangida, atapata mtu mweusi kama kivuli. Basi mwalimu hakukosa, amechagua cha kuanza nacho. Anayemkatiza hapa huwachanganya wadogo ili yeye aonekane mkubwa.

Tatu, kosa ambalo wanafunzi watalichukua na kulifanyia kazi, kama lile la tundu. Hili lazima lisemwe, tena lisemwe kabla wanafunzi hawajatoka kwenda kazini. Kunyamaza hapa si heshima. Humwachia mwalimu aibu iliyo kubwa zaidi, na hasara humwangukia mtu ambaye hakuwamo darasani, kama bibi yule.

Nne, kosa la hatari. Tarehe 1 Septemba mwaka wa 2016 jua lilipatwa, na kule Rujewa, Mbarali, lilionekana kama pete. Kwetu sisi lilifunikwa sehemu. Siku kama ile mwalimu akiwaambia wanafunzi, “Tazameni jua kwa lenzi, ila kwa upesi,” usingoje chai. Lenzi hukusanya moto wa jua, na sehemu ya ndani ya jicho huungua bila maumivu, hata mtu hajui mpaka ameharibika. Hapo paza sauti: “Mwalimu, tusitazame!” Heshima utaitengeneza baadaye, jicho halitengenezwi.

Wala msidhani ya kuwa ni walimu wa vijijini tu wanaokosa kwa namna ya tatu. Kwa miaka mingi wasafishaji wa picha za rangi walipima kazi yao kwa kadi za kampuni ya Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe. Uso wake ukitoka vizuri, walihesabu ya kuwa rangi zote ni sawa. Nyuso za watu weusi zilitoka vibaya, na wengi walidhani kosa ni la uso, au la mpiga picha. Waliofanya kazi katika kampuni ile wamesimulia ya kuwa malalamiko yaliyosikiwa yalikuwa hasa ya wauza chokoleti na wauza samani, ambao rangi zao za kahawia hazikutoka sawasawa. Ndipo filamu zikaanza kurekebishwa, katika miaka ya 1970 na 1980. Tazameni jinsi kosa linavyodumu, ikiwa wale wanaoliona hawasemi, au wakisema hawasikiwi.

3. Namna ya kusema

Sisi wa Mbulu na Hanang tumelelewa kuwaheshimu wakubwa. Katika mkutano wa wazee kijana hamkatizi mzee. Akiwa na neno, humwendea mkubwa wake kando, naye hulifikisha. Wako vijana wa leo wanaosema ya kuwa desturi hii huficha kweli. Mimi naona ya kuwa desturi yenyewe ni njema, maana ina mlango wa kupitishia kweli. Asiyetumia mlango huo akanyamaza, huyo ndiye aivunjaye desturi.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, twasoma habari za Apolo. Alikuwa mtu wa elimu na mwenye maneno mazuri, tena alifundisha kwa bidii, lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila walimsikia katika sinagogi la Efeso. Hawakumkatiza mbele ya watu, wala hawakurudi nyumbani wakimcheka. Walimwita kwao, wakamweleza kwa utaratibu yale yaliyopungua. Na Apolo akaendelea na kazi, akawafaa sana watu wa Akaya. Mwalimu hakupotea, na mafundisho yakatengenezwa.

Lakini katika Wagalatia, sura ya 2, Paulo alimkabili Petro mbele ya wote kule Antiokia. Kwa nini asimwite kando? Kwa sababu wengine walikuwa wamekwisha kuvutwa, hata Barnaba. Hasara ilikuwa inatembea tayari mbele ya macho ya watu. Basi njia zote mbili zimo katika Maandiko, na tofauti yake ni hatari iliyopo, wala si hasira ya msemaji.

Kwa hiyo nawapa taratibu hizi:

(a) Kwanza uwe na hakika. Mara nyingi mwanafunzi ndiye aliyesikia vibaya. Ikiwa kamera iko mkononi, ijaribu mwenyewe kwanza.

(b) Ikiwa wakati upo, mwendee mwalimu kando, wakati wa chai au baada ya darasa. Sema, “Mwalimu, nalifundishwa vingine na mjomba wangu. Naomba unieleze.” Kisha mwachie yeye awaambie wengine.

(c) Ikiwa wakati haupo, maana wanafunzi wanatoka sasa kwenda kazini, uliza mbele ya wote. Wahenga wamesema, kuuliza si ujinga. Omba kitu kijaribiwe: picha moja kwa 4 na moja kwa 16, zikalinganishwe. Kwa kamera za leo zisizo na filamu jambo hili humalizika kwa dakika moja. Kamera haina upendeleo wala haimwaibishi mtu, na mwalimu huona mwenyewe.

(d) Lakini swali liwe swali la kweli. Anayeuliza ili kumtega mwalimu amemsuta kwa ujanja, na darasa zima huona.

(e) Ikiwa kuna hatari ya mwili, sema mara moja.

(f) Ukiisha kusema, usirudie. Usiende kuwasimulia watu sokoni ya kuwa wewe ndiwe uliyemsahihisha mwalimu.

4. Neno kwa sisi tunaofundisha

Wainjilisti na walimu wa kipaimara, sehemu hii ni yetu. Yule mwalimu wa picha alifanya jambo moja ambalo sitalisahau. Alipoona kosa lake, alilisema kwa kinywa chake, mbele ya wale wale aliowafundisha, akaandika upya. Tangu siku ile tulimwamini zaidi, wala hatukumdharau. Hata mimi niliyemcheka nalianza kumsikiliza.

Sasa tujitazame. Mtoto wa kipaimara akiinua mkono akasema, “Mwalimu, juma lililopita ulisema vingine,” twamjibuje? Tukimwambia, “Keti, wewe ni mtoto,” tumemfundisha somo ambalo hatukulikusudia: ya kuwa katika nyumba hii kweli haisemwi na mdogo. Atatii, atanyamaza, na siku atakapoona jambo zito limekwenda upotevuni, atanyamaza vile vile. Ni heri kumwambia, “Asante, mwanangu. Ngoja nitazame,” kisha tukatazama kweli, na juma lijalo tukaleta jibu.

Tena tuweke mlango. Mwisho wa kila somo mwalimu na aseme, “Ikiwa nimekosa mahali, aliyeona anijie.” Maneno haya ni machache. Mwalimu wangu angaliyasema siku ile ya pili, labda ningalipata nguvu ya kuishinda aibu yangu. Sisemi hivi ili nimtwike yeye mzigo wangu. Kosa la tundu lilikuwa lake, lakini kosa la kunyamaza lilikuwa langu, na la pili ndilo lililokuwa kubwa zaidi, maana yeye hakujua, nami nalijua.

Maswali ya kujiuliza na kuzungumza

1. Je, nimewahi kumsahihisha mtu mbele ya watu kwa jambo ambalo halikumdhuru yeyote? Nilitaka nini?

2. Je, kuna kosa ninalolijua sasa, nalo limenyamaziwa kwa jina la heshima? Nani atapata hasara?

3. Kwa nini Prisila na Akila walimwita Apolo kando, na Paulo hakumwita Petro kando?

4. Katika darasa langu, mwanafunzi mdogo ana njia gani ya kuniambia ya kuwa nimekosa?

Walimu na wasome somo hili pamoja na madarasa yao, na kila mmoja ajibu swali la nne kwanza.